Udongo Nilioushusha Garini

Batsinda, Alhamisi jioni

Mwanangu Manzi,

Asubuhi utakapolifunua turubai la gari alilolikodi mjomba wako utakuta kitanda chako, jiko, majembe, pampu ya maji na sanduku la vitabu. Udongo hutaukuta. Usimkasirikie mjomba Claver. Yeye alifanya nilichomwamuru, na alinung'unika njia nzima. Ni mimi niliyeyashusha magunia yote ya udongo wa kitalu uliyoyapakia mchana, wakati wewe umekwenda Kimironko kuwaaga rafiki zako.

Najua ulivyoutegemea. Najua kwamba shamba ulilolikodi Nyagatare ni ardhi ya malisho, kavu na ngumu, haijawahi kupandwa mboga, na kwamba miche ya nyanya ikidumaa kitaluni utakosa mvua za mwanzo na pengine msimu mzima. Najua pia kwamba niliahidi. Nilisema mbele ya wajomba zako kwamba siku utakayokwenda kujitegemea nitakupa udongo wangu mweusi wa bondeni, na si desturi yangu kuahidi jambo nikaliacha. Kwa hiyo sikuombi radhi kwa haraka ili tuachane vizuri. Ninakupa sababu zangu, kisha utaamua mwenyewe kama mama yako amekutendea haki.

Habari za kufua nguo, za chandarua na za kutolala na njaa sitaziandika. Ulifundishwa hayo yote, na kama hukuyashika kwa miaka yote hiyo, hutayashika kwa barua.

Turudi maabara. Ulipotaka tupeleke udongo kupimwa, ulitaka kumwonyesha yule mnunuzi wa mboga za mahoteli kwamba miche yako itaanza katika udongo safi. Nami nilikwenda nikiwa na kiburi changu. Nilijua udongo wangu. Nilikuwa nimeuchanganya kwa mikono yangu: sehemu moja mashina ya nyanya yaliyooza vizuri, sehemu moja udongo wa juu wa shamba letu. Nilikaa katika kile kiti cha plastiki nikingoja sifa, kama mzazi anayengoja matokeo ya mtoto hodari.

Odette wa maabara hakusifu wala hakulaumu. Alikuita kwanza ukaangalia katika hadubini, kisha akaniita mimi.

"Mama, njoo uone hapa."

"Ninaona mchanga," nilimwambia.

"Sogeza jicho kidogo. Ule uzi wa bluu si mchanga."

Niliutambua mara moja. Ulikuwa uzi wa gunia la mchele. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukikaa ukutani jioni, wewe na mimi, tukifumua magunia makuukuu ya plastiki ili tupate nyuzi za kufungia nyanya kwenye miti yake? Bonde zima hufanya hivyo. Nyuzi hizo hazikugharimu kitu na hazikuozeshwa na mvua, nasi tuliona huo ndio uzuri wake. Msimu ulipokwisha tuling'oa mashina pamoja na nyuzi zake tukayatupa katika shimo la mboji. Mashina yalioza. Pembeni mwa ule uzi palikuwa na vipande vyeusi, vyembamba kama maganda ya mdudu, na hivyo pia nilivijua. Vilikuwa vya shitingi, ile plastiki nyeusi ya kufunikia matuta.

Wewe ulicheka. Ulisema, "Mama, hiyo ni plastiki tu. Iko kila mahali, hata kwa chumvi iko." Odette alikuacha umalize kucheka, kisha akatuambia habari ya pili, kwamba katika udongo ule ule aliikuta dawa ya viwavi.

"Mlipuliza lini mara ya mwisho?" akauliza.

Nilimjibu kwamba sijaigusa dawa ile tangu ulipokuwa shule ya msingi. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi anayesema kitabu chake kiliibwa. Kisha akaona kwamba sisemi uongo, akakaa chini, akatueleza. Naandika hapa nilivyomwelewa, kwa sababu nadhani wewe ulisikiliza kwa sikio moja.

Alisema kwamba dawa nyingi za wadudu hazipatani na maji. Zikiwa katika udongo hutafuta kitu chenye asili ya mafuta zikajishika hapo, na plastiki asili yake ni mafuta. Kipande kipya ni laini, hakishiki sana. Kipande kilichopigwa na jua misimu kadhaa huwa na mikwaruzo na nyufa, na kadiri kinavyovunjika ndivyo sehemu za kushikia zinavyoongezeka. Dawa ikishajificha humo, vijidudu vya udongo ambavyo kazi yao ni kuivunjavunja havifikii kwa urahisi. Hivyo dawa ambayo ingekwisha yenyewe hukaa. Na plastiki nayo haikai peke yake, huwa ni ghala la kile ilichokutana nacho.

Hapo ulimkamata kwa maneno yake mwenyewe, na nakiri ulinifurahisha. Ulisema, "Kama plastiki inashika dawa, basi mmea hauipati. Si inatusaidia?"

Odette hakukasirika. "Kuna udongo ambao inatokea hivyo," alisema. "Leo inashika. Kesho joto libadilike, mzizi utoe maji yake, au nyungunyungu ameze kile kipande, iachie. Mimi siwezi kukuambia itaachia siku gani."

"Kwa hiyo hamjui."

"Mengine tunajua, mengine bado. Udongo wa huku si udongo wa pale walikopima wengine. Ila nikikuambia hakuna kitu, nitakuwa nakudanganya."

Nililipenda jibu hilo kuliko ulivyolipenda wewe. Wewe ulitoka pale ukisema kwamba hata wataalamu hawana hakika, kwa hiyo tuendelee. Mimi nilitoka nikijiuliza nimewezaje kuuharibu udongo kwa vitu viwili, na vyote viwili niliviingiza kwa nia njema.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo na unakumbuka tu nyanya.

Niliporudi katika nchi ya wazazi wangu kutoka Karagwe, ng'ambo ya mpaka, nilikozaliwa na kulelewa, nilipata kazi ya ualimu, na baada ya masomo nikalima kile kipande cha bondeni. Majirani wote walipuliza dawa, nami nikapuliza. Sikuvaa kitu usoni zaidi ya kitambaa cha kichwa. Asubuhi nilifunga kitambaa kile kile nikaingia darasani, na siku moja niliona kwamba wanafunzi wa dawati la mbele wamelisogeza nyuma. Niliwaamuru walirudishe. Wakalirudisha, wakakaa wameinamisha vichwa upande mmoja. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mwalimu ananuka sumu. Siku hiyo ndiyo nilipoiacha, na kwa hilo sijuti.

Lakini niliacha dawa zote, hata za ukungu na magugu, na hilo lilitaka mbadala. Ukungu ulipanda kwenye majani kutokana na matone yaliyoruka kutoka chini, na magugu yalinishinda. Afisa kilimo akatuonyesha shitingi nyeusi ya kutandaza juu ya matuta: magugu hayaoti, unyevu haupotei, mvua hairushi udongo kwenye majani. Alisema kweli. Nyanya zilipendeza. Mama Aisha, ambaye ndiye aliyezinunua kuzipeleka sokoni Kimironko, alisimama ukingoni mwa shamba akasema, "Mwalimu, hapa mtu anaweza kuswali bila kutandika mkeka."

Nilijivunia maneno yale kuliko ilivyonipasa. Unanijua. Siwezi kuona karatasi chini nikapita. Shitingi ilipochanika baada ya msimu wa pili, niliviokota vipande vyote vikubwa. Vidogo vilikuwa vingi, na kuchoma plastiki ni kosa, na hapakuwa na mtu wa kuja kuvichukua bondeni. Jumamosi za umuganda, siku za kazi ya pamoja ya mtaa, viongozi wetu walishuka kuangalia mashamba, nami sikutaka wakute takataka kwangu. Nikavifukia kwa jembe. Nilivifukia kila msimu, kwa bidii, hadi udongo ukawa mweusi na safi tena kwa juu. Nilisifiwa katika mkutano. Jirani aliyeacha vipande vyake vikipeperuka juu ya ardhi alionywa mbele ya watu, nami nilikubali kwa kichwa.

Sasa naona kwamba shamba lake yule lina nafuu kuliko langu. Vyake vilipeperuka, au viliokotwa na watoto. Vyangu viko chini, pamoja na dawa niliyoiacha siku nyingi, vikitunzana.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nilikuwa na akili timamu na nilikuwa na macho. Nilichokosa ni kuuliza kitu kinakwenda wapi kikishaondoka mbele ya macho yangu. Niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba daftari safi ni dalili ya kichwa safi, na wengi wao walijifunza kwangu kuficha makosa kwa ustadi. Wewe ulikuwa mmoja wao. Nakumbuka kurasa zako zilizochanwa taratibu katikati ya daftari ili zisiache alama.

Tuje kwenye ubishi wetu wa mchana. Ulishinda, na nilikuacha ushinde. Nilisimama barazani nikakutazama ukibeba gunia baada ya gunia, nikasema, "Manzi, tumeambiwa."

"Tumeambiwa kidogo tu, Mama. Sisi tumekula hizo nyanya miaka yote na tuko hapa."

"Kuwa hapa si kipimo."

"Basi kipimo ni nini? Nikifika kule bila udongo mzuri, miche itakuwa kama nywele za mzee. Yule mnunuzi ataenda kwa mwingine. Wewe mwenyewe uliniahidi, mbele ya watu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Nilikusaidia kulifunga turubai, nawe ukaninyanyua kidogo kutoka chini kama unavyofanya ukifurahi, jambo ambalo nimekukataza mara nyingi. Ulipoondoka nilichukua ufagio. Magunia yalikuwa yameacha udongo barazani, nami nikaufagia kuelekea mferejini kama ninavyofanya siku zote. Upepo ukapita. Udongo ulibaki pale ulipo, lakini juu yake zikainuka chembe nyeusi nyepesi, nyingi, zikaruka kando na kushuka karibu na karoti za jirani. Nilikuwa nimefagia baraza ile maisha yangu yote hapa Batsinda, na sikuwahi kusimama nione kinachoruka.

Nikaacha ufagio. Nikampigia simu mjomba wako arudi na gari.

"Dada," alisema alipofika, "nimekodi gari kubwa kwa sababu ya udongo wako. Sasa nitabeba nini mpaka Nyagatare, godoro?"

"Utabeba godoro."

"Na mafuta ya gari?"

"Gari jepesi linakula kidogo. Shika upande ule."

"Kijana atalia."

"Alilia alipoachishwa kunyonya pia. Shika, Claver."

Alishika. Tuliteremka bondeni, tukayamwaga magunia yote katika shamba lile lile ulikotoka ule udongo. Sikuuacha kwa jirani wala kando ya njia, wala sikuuweka stoo ili ukipata nafasi uje kuuchukua. Mjomba wako aliniuliza kwa nini nisiwape watu wa maua mjini, maana maua hayaliwi. Nilimwambia kwamba maua nayo yana udongo chini yake, na udongo huo una siku zake za baadaye. Aliendelea kukung'uta magunia.

Sasa kuhusu madai yako, maana sipendi kumshinda mtu asipokuwepo. Ni kweli kwamba ni kidogo. Odette mwenyewe hakusema kwamba udongo ule ungekuua wewe au mteja wako, nami sitayatia maneno kinywani mwake. Lakini fikiri unakoupeleka. Ardhi ya Nyagatare ulinionyesha katika simu yako. Nimeiona: nyasi fupi, kinyesi cha ng'ombe, mchwa. Hakuna aliyetandaza kitu pale, wala aliyefunga nyanya kwa uzi wa gunia. Ni maskini, lakini bado tunajua kilichomo. Ukichanganya udongo wangu humo, hata msimu mmoja, hakuna chekecheo utakaloupitisha likakurudishia ardhi uliyoikuta. Samadi inaongezwa. Maji yanachimbwa. Hiki hakiondolewi, mwanangu, angalau si kwa njia yoyote ambayo mimi au Odette tunaijua. Kati ya kuchelewa msimu mmoja na kuharibu kisichorudi, nimechagua uchelewe. Ulikuwa uamuzi wako, nami nimeuchukua mikononi mwako kwa nguvu, na sijifanyi kwamba sikufanya hivyo.

Upande wangu hauishii hapa, usije ukadhani nimekuzuia wewe nikaendelea mimi. Nimempigia Mama Aisha jioni hii. Nimemwambia asije kuchukua nyanya Jumatatu mpaka Odette azipime zenyewe, maana tulipeleka udongo tu, matunda hatukupeleka.

"Mwalimu, unataka kunifilisi?"

"Nataka kujua."

"Ukishajua, mimi nitauza nini?"

"Utauza vitunguu vya Mulindi."

"Vitunguu vya Mulindi vimepimwa?"

Alicheka, kisha akasema atangoja wiki moja, na kwamba wateja wake atawaambia nyanya za Mwalimu zinaumwa. Nilimwambia awaambie ukweli wote au asiseme kitu. Akasema ukweli wote haumalizwi kuelezwa mteja akiwa amesimama na kikapu.

Jumamosi hii ni umuganda. Tukishamaliza mtaro, mkutano utakaa kama kawaida, na watu wa ushirika wetu wa bondeni watakuwepo wote. Nitasimama. Nitawaambia nilichokiona katika hadubini, na kwamba nimekifukia mwenyewe kwa mikono yangu wakati mkutano huo huo ukinisifu. Nitaomba tuache kufukia, tuwe na mahali pamoja pa kukusanyia shitingi chakavu kabla haijapasukapasuka, na tufunge nyanya kwa magome ya migomba kama walivyofanya mama zetu. Baadhi watanuna, maana wana mkataba wa kuuza nyanya za msimu ujao. Yule jirani tuliyemwonya atakuwa amekaa mbele, na nitaanza kwa kumwomba radhi yeye. Watakapouliza shamba langu nitalifanyaje, nitajibu kwamba nitatandaza nyasi, nitaokota kila ninachokiona, na sitatoa udongo wake nje ya mipaka yake muda wote nitakaokuwa hai. Sijui kama hilo linatosha. Ndilo lililo ndani ya uwezo wangu, nami nitalifanya.

Kwako nina mambo machache, na si ya jikoni. Utaona aibu shamba lako likiwa na magugu karibu na barabara na wapita njia wakitazama. Vumilia aibu hiyo kidogo kabla hujaifunika kwa kitu. Kila atakayekuletea njia mpya ya kuacha sumu, msikilize, mshukuru, kisha muulize kitu chake kinakwenda wapi kikichakaa. Akikosa jibu usimdharau, mimi pia sikuuliza. Lakini usianze mpaka mmepata jibu. Na utakapokosea, maana utakosea, acha kosa lako mahali ambapo watu wanaweza kuliona na kukusaidia kuliokota.

Najua utaisoma barua hii ukiwa na hasira, na unayo haki. Miche yako itakuwa midogo mwaka huu. Yule mnunuzi huenda asikungoje. Sijaweka chochote badala ya udongo ule, kwa sababu sina chenye thamani sawa, na sikutaka ufungue gari ukakuta blanketi jipya ukadhani nimekununua.

Nenda uanze na ardhi uliyoikuta huko. Wafugaji wapo jirani yako, na samadi ni nyingi kwa anayeomba kwa heshima. Usinipigie simu kesho kwa ajili ya adabu tu huku moyo wako haujatulia. Nipigie ukishapata samadi, uniambie imetoka kwa nani, ng'ombe wake wanakula nini, na imeletwa shambani kwako katika magunia ya aina gani.

Mama yako